Kutoka Skholē hadi Shule: Nomino ya Kigiriki Katika Kilatini na Uzao Wake Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya nomino ya Kilatini 'schola', iliyokopwa kutoka Kigiriki 'skholē', pamoja na njia ambazo uzao wake umefika katika lugha zinazotumika Burundi na nchi jirani: 'shule' na 'skuli' za Kiswahili, 'ishure' ya Kirundi, 'école' ya Kifaransa na 'school' ya Kiingereza. Kwa mkabala wa isimu historia, tunafuata mabadiliko ya maana kutoka 'wasaa' hadi 'mahali pa kufundishia'. Kisha tunalinganisha namna Warumi walivyolipokea neno hilo ilhali walikuwa na neno lao, 'ludus', na namna Waswahili walivyolipokea neno 'shule' ilhali walikuwa na 'chuo'. Hoja yetu ni kwamba neno la kukopa huwa mali ya lugha kwa sababu ya matumizi na kazi linayoifanya, si kwa sababu ya asili yake. Kwa msingi huo, tunapendekeza kwamba uwianishaji wa istilahi za elimu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki usifanye asili ya neno kuwa kigezo cha kulikubali au kulikataa, bali uelekeze nguvu kwenye tofauti za maana ambazo huathiri sera.

1.0 Utangulizi

Mtoto wa mtaa wa Mutanga Sud, jijini Bujumbura, anayetoka nyumbani asubuhi akiwa amebeba madaftari anaweza kupataja anapokwenda kwa maneno manne. Kwa Kirundi ni 'ishure', kwa Kifaransa ni 'école', kwa Kiingereza ni 'school' na kwa Kiswahili ni 'shule'. Lugha zote nne zimo katika elimu ya Burundi, na mara nyingi hujadiliwa kana kwamba kila moja inavutia upande wake. Hata hivyo, maneno haya manne ni ndugu. Yote yanatokana na nomino moja ya Kilatini, 'schola', ambayo nayo Warumi waliikopa kwa Wagiriki.

Undugu huo hauonekani kwa urahisi, kwa sababu kila neno lilipita njia yake. Moja lilikuja na utawala wa Wajerumani, la pili na Wabelgiji, la tatu na Waingereza. Na lile la Kirundi lilizaliwa papa hapa, kutokana na mgusano wa wenyeji na Kiswahili cha mjini na cha kambini. Swali la makala haya ni hili: historia hiyo inatufundisha nini kuhusu namna lugha inavyomiliki neno la kukopa, na funzo hilo lina uzito gani kwa wale wanaopanga istilahi za Kiswahili katika eneo letu?

Swali hili lina umuhimu wa pekee kwa Burundi. Nchi hii ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, jirani yetu wa magharibi, ilijiunga mwaka 2022. Kila nchi inapoingia, huingia na Kiswahili chake, na kila Kiswahili kina namna yake ya kuitaja taasisi ile ile ambamo lugha yenyewe inafundishwa.

2.0 Skholē kwa Wagiriki

Katika Kigiriki cha kale, 'skholē' halikuwa jina la jengo wala la taasisi. Maana yake ya msingi ilikuwa wasaa, yaani muda ambao mtu hakubanwa na kazi ya lazima. Wataalamu wa etimolojia hulihusisha neno hili na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kushika au kuzuia. Kwa hiyo wasaa ulifikiriwa kama muda ulioshikwa, usiachwe uponyoke. Kinyume chake kilikuwa 'askholia', yaani kukosa wasaa, na hilo ndilo neno lililotumika kwa shughuli na harakati za kila siku. Kazi ilitajwa kwa kukanusha wasaa.

Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliijengea fikra hiyo hoja ya kifalsafa. Katika maandiko yake juu ya maadili na siasa alieleza kwamba binadamu hujishughulisha ili hatimaye apate wasaa, na kwamba dola njema huwaandaa raia wake kuutumia wasaa huo vizuri. Kwake, wasaa haukuwa uvivu. Ulikuwa sharti la kufikiri, kusikiliza muziki, kujadiliana na kutafuta ukweli. Hata hivyo, ni lazima tukumbuke kwamba wasaa huo ulikuwa wa wachache. Nyuma ya raia aliyekaa kujadili walikuwapo watumwa na wanawake waliobeba 'askholia' kwa niaba yake.

Kutoka maana ya wasaa, neno lilisogea hadi kwenye kile kilichofanywa wakati wa wasaa, yaani mazungumzo ya kielimu na mihadhara. Kutoka hapo likasogea hadi kwenye mahali mazungumzo hayo yalipofanyika, na hadi kwenye kundi la watu waliomfuata mwalimu mmoja. Mwendo huu kutoka muda hadi mahali hauwezi kumshangaza msemaji wa Kiswahili. Neno letu 'nafasi' hubeba maana zote mbili. Anayesema "sina nafasi" analalamikia muda, na anayesema "hakuna nafasi" analalamikia mahali. Mzazi anayemtafutia mwanawe nafasi ya masomo anatafuta vyote viwili kwa pamoja.

Ushahidi mzuri wa maana ya mahali unapatikana katika Matendo ya Mitume 19:9, palipoelezwa kwamba Paulo alifundisha kila siku huko Efeso katika 'skholē' ya mtu aitwaye Tirano. Biblia ya Kilatini iliandika 'schola' mahali hapo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, walichagua 'darasa'. Wakati huo 'shule' lilikuwa limekwisha kuenea Tanganyika kwa zaidi ya nusu karne, lakini watafsiri walitumia neno lenye asili ya Kiarabu kwa ukumbi wa mwalimu wa Kigiriki. Tutarudi kwenye uchaguzi wa namna hiyo katika sehemu ya tano.

3.0 Schola kwa Warumi

Warumi hawakulikopa neno la Kigiriki kwa sababu ya kukosa lao. Kilatini kilikuwa na 'ludus', nomino yenye maana ya mchezo, ambayo pia ilitaja mahali pa mazoezi na mafunzo. Mtoto wa Kirumi alijifunza kusoma na kuandika katika 'ludus', na mwalimu wake aliitwa bwana wa 'ludus'. Neno hilo hilo lilitaja pia kambi za kuwafunza wapiganaji wa uwanjani. Kwa hiyo, taasisi ya kufundishia watoto ilikuwapo, na jina lake lilikuwapo.

Kile ambacho Warumi hawakuwa na jina lake ni aina nyingine ya elimu: mhadhara wa mwanafalsafa, mjadala wa watu wazima, mafunzo ya juu ya usemaji. Hivyo vilikuja na walimu wa Kigiriki, na vilikuja na jina lake. Cicero, mwaka 45 KK, katika kitabu kinachosimulia mijadala iliyofanyika nyumbani kwake Tusculum, aliliita zoezi lake la kuongoza mijadala kwa neno 'schola', akisema wazi kwamba alifuata desturi ya Wagiriki. Kwake 'schola' lilikuwa bado tendo la kujadili.

Neno lilipokwisha kuingia, lilienea kwa kasi na kuchukua maana ambazo Wagiriki wenyewe hawakuzifikiria. Lilitaja mahali pa kufundishia, kisha wafuasi wa madhehebu moja ya falsafa. Vitruvius, mwandishi wa usanifu wa majengo, alilitumia kwa nafasi iliyozunguka hodhi katika nyumba za kuogea, ambamo watu walisubiri zamu. Lilitaja pia kumbi za mikutano za vyama vya mafundi na wafanyabiashara. Katika dola ya mwisho ya Kirumi, vikosi vya walinzi wa kasri ya mfalme viliitwa kwa jina hilo hilo. Neno la wasaa likawa jina la askari wenye silaha.

Hata hivyo, kumbukumbu ya maana ya kwanza haikupotea. Katika karne ya 4 BK, mshairi Ausonius wa Bordeaux, aliyekuwa mwalimu kwa muda mrefu, alimwandikia mjukuu wake akimweleza kwamba jina la shule ni la Kigiriki, na kwamba linadai wasaa utolewe kwa ajili ya elimu. Mjukuu huyo alikuwa akiogopa fimbo ya mwalimu. Mvutano kati ya wasaa unaoahidiwa na jina na kiboko kinachomsubiri mtoto mlangoni ni wa zamani sana.

Tunachokiona hapa ni utaratibu wenye hatua tatu. Kwanza, lugha ina neno lake la asili kwa taasisi inayofanana. Pili, inakuja taasisi ngeni kidogo, nayo inakuja na jina lake. Tatu, maneno mawili yanagawana kazi, na lile la zamani linabaki na sehemu yake. 'Ludus' halikufa, liliendelea kutumika kwa mchezo na kwa elimu ya mwanzo. Utaratibu huu ndio tutakaouona tena pwani ya Afrika Mashariki.

4.0 Njia za kutoka Kilatini hadi kwetu

Baada ya dola ya Kirumi kudhoofika, 'schola' liliendelea kuishi katika makanisa makuu na nyumba za watawa, kwa sababu huko ndiko kusoma na kuandika kulikohifadhiwa. Kutoka huko liliingia katika lugha za Ulaya kwa sura mbalimbali. Wasemaji wa Kilatini cha mitaani walipata tabu kuanza neno kwa 's' inayofuatwa na konsonanti nyingine, wakaitanguliza irabu. Ndipo Kihispania kikapata 'escuela', Kireno 'escola', na Kifaransa cha kale 'escole', ambayo baadaye ilidondosha 's' na kuwa 'école'. Lugha za Kijerumani za kale zililichukua bila irabu hiyo: Kiingereza cha kale kikawa na 'scōl', na Kijerumani cha kale 'scuola', ambayo leo ni 'Schule'.

Wareno ndio Wazungu wa kwanza kuleta uzao wa Kilatini katika pwani yetu. Walituachia 'meza', 'bendera' na 'leso', lakini 'escola' yao haikushika. Linalovutia ni kwamba nomino nyingine ya Kilatini yenye asili ya Kigiriki ilishika. 'Ekklēsia' ya Kigiriki, yaani mkutano, ikawa 'ecclesia' ya Kilatini, kisha 'igreja' ya Kireno kwa maana ya kanisa; nayo ikatua katika Kiswahili kama 'gereza'. Wenyeji hawakuliona kanisa kama mkutano wa waumini, bali kama sehemu ya ngome yenye kuta nene. Neno huchukua maana kutokana na taasisi kama inavyoonekana kwa anayelipokea, si kama anavyoikusudia anayelileta.

Neno la Kilatini lililotaja mafunzo lilirudi karne tatu baadaye kwa mlango mwingine. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, serikali ya kikoloni ilifungua shule yake ya kwanza Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, nayo ilifuatwa na nyingine katika miji ya pwani. Shule hizo zilifundisha kwa Kiswahili na kuandaa makarani, wakalimani, walimu na maakida. Hazikufundisha dini, kwa kuwa wakazi wengi wa pwani walikuwa Waislamu na serikali iliwahitaji. Kwa hiyo, mwanafunzi wa Tanga aliingia mahali ambapo hapakuwa chuoni kwa maalimu wa Kurani, wala hapakuwa misheni. Mahali hapo papya palihitaji jina jipya, na jina lililokuwapo mdomoni mwa watawala lilikuwa 'Schule'.

Kifonolojia, neno hilo halikuhitaji kufanyiwa mengi. Silabi zake mbili zilikuwa tayari zina muundo wa konsonanti na irabu. Irabu hafifu ya mwisho ya Kijerumani ikawa 'e' kamili, na nomino ikaingia katika ngeli ya I-ZI. Tulinganishe na 'school' ya Kiingereza, ambayo Zanzibar iliipokea kama 'skuli': hapo irabu 'i' iliongezwa mwishoni, na konsonanti mbili za mwanzo zikabaki zimefuatana. Maneno ya Kijerumani yaliyoota mizizi katika Kiswahili ni machache sana. Mbali na 'shule', linalofahamika zaidi ni 'hela', kutokana na sarafu ya 'Heller' iliyotolewa mwaka 1904. Yote mawili ni maneno ya taasisi, na yote mawili yaliishi baada ya taasisi zenyewe kubadilika mikono.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, hawakuligeuza 'shule' kuwa 'skuli', ijapokuwa walitawala kwa zaidi ya miaka 40. Zaidi ya hayo, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilijenga Kiswahili sanifu juu ya msingi wa Kiunguja. Lakini katika neno hili umbo la bara ndilo lililoenea, si lile la Unguja. Kenya, ambayo sehemu yake kubwa haikuwahi kuwa chini ya Wajerumani, leo inasema 'shule' kupitia vitabu na walimu. Zanzibar imebaki na 'skuli', na neno hilo ndilo linalotumika katika nyaraka rasmi za elimu visiwani. Mamlaka yaliyolileta neno yalikwisha kuondoka. Wanaolitumia ndio walioamua libaki au liondoke.

5.0 Maneno yaliyotangulia

Kudhani kwamba pwani haikuwa na jina la mahali pa kusomea kabla ya Wajerumani ni kosa. Jina lilikuwa 'chuo'. Katika Kiswahili cha zamani 'chuo' lilikuwa kitabu, na kamusi ya Ludwig Krapf iliyotoka mwaka 1882 inaliorodhesha kwa maana hiyo. 'Chuoni' palikuwa mahali penye kitabu, na kitabu hicho hasa kilikuwa Kurani; 'mwanachuoni' ni mtu aliyebobea katika elimu ya vitabu. Pamoja nalo kulikuwa na 'madrasa' na 'darasa', yote mawili kutokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusoma na kujifunza.

Tofauti ya taswira inastahili kuzingatiwa. Mgiriki alipaita mahali pa elimu kwa kutazama muda: ni pale palipo na wasaa. Mrumi alipaita kwa kutazama tendo: ni pale pa mchezo na mazoezi. Mswahili alipaita kwa kutazama chombo: ni pale palipo na kitabu. Waganda, waliounda 'essomero' kutokana na kitenzi 'okusoma', walipaita kwa kutazama kazi inayofanyika hapo.

'Shule' lilipoingia, 'chuo' halikufa, kama vile 'ludus' halikufa Roma. Lakini mwelekeo wake ulikuwa tofauti. 'Ludus' lilibaki chini, kwa watoto wadogo. 'Chuo' lilipanda juu. Leo tuna vyuo vya ualimu, vyuo vya ufundi na vyuo vikuu. Neno la kitabu cha Kurani ndilo linaloitaja taasisi ya juu kabisa ya elimu ya kidunia, na Chuo Kikuu cha Burundi, chenye kampasi katika eneo la Mutanga, hubeba jina hilo kila kinapotajwa kwa Kiswahili. Kirundi kinakiita 'kaminuza', neno lisilotokana na 'universitas' ya Kilatini. Kwa hiyo, mgawanyo wa kazi kati ya 'shule' na 'chuo' si ushindi wa neno geni dhidi ya la kwetu. Ni lugha iliyopanga ghala yake.

Ndiyo maana pia watafsiri wa Biblia waliweza kuchagua 'darasa' kwa ukumbi wa Tirano. Lugha yenye maneno kadhaa kwa taasisi zinazokaribiana ina uwezo wa kubainisha. Ukumbi wa mwalimu mmoja wa Efeso haukuwa na mitihani wala kengele, na 'shule' lilikuwa tayari na harufu ya vyote hivyo.

6.0 Ishure na masomo: pande mbili za mpaka

Eneo la Maziwa Makuu linatupa kipimo kingine. Burundi ilikuwa sehemu ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi Wabelgiji walipoiteka mwaka 1916. Utawala wa Wajerumani juu ya wananchi wa kawaida ulikuwa mwepesi, kwa kuwa mwami aliachwa aendelee kutawala, na shule zilikuwa chache. Hata hivyo Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, makarani na wafanyabiashara wa Usumbura, na kimeendelea kuishi hadi leo katika mitaa kama Buyenzi.

Kirundi kikapata 'ishure', wingi wake 'amashure'. Badiliko la 'l' kuwa 'r' ni la kawaida kabisa: Kiswahili kinasema 'kulima', 'kulala' na 'kulia', Kirundi kinasema 'kurima', 'kurara' na 'kurira'. Kiambishi cha mwanzo kimeliingiza neno katika ngeli yenye wingi wa 'ama-'. Zaidi ya hapo, Kirundi kimelinyambua: mwanafunzi ni 'umunyeshure', yaani mtu wa shule. Kiswahili hakikuhitaji kufanya hivyo kwa kuwa kilikuwa na 'mwanafunzi'. Kwa kipimo cha unyambulishaji, neno hili limezama katika Kirundi kuliko hata katika Kiswahili kilicholipitisha.

Kisha wakaja Wabelgiji na 'école', wakakaa hadi uhuru wa mwaka 1962. Kifaransa kikawa lugha ya ofisi na ya elimu ya juu, na kimebaki hivyo. Lakini 'ishure' halikuondoka. Leo elimu ya msingi ya miaka 9 inajulikana kwa kifupisho cha Kifaransa, Ekofo, na kwa Kirundi 'ishure shingiro'. Maneno mawili ya ukoo mmoja, moja lililopita Paris na Brussels na jingine lililopita Berlin na Tanga, yanakutana juu ya taasisi moja.

Sasa tuvuke mpaka wa Gatumba tuelekee Uvira, mwendo mfupi kutoka Bujumbura. Huko Kiswahili ni lugha ya mama kwa wengi, lakini mtoto haendi 'shule'. Anakwenda 'ku masomo'. Kongo haikuwahi kuwa chini ya Wajerumani, na Kiswahili chake kilijitafutia jina kutoka kwenye kitenzi 'kusoma', kama walivyofanya Waganda. Ziwa ni lile lile, soko ni lile lile, jamaa wako pande zote mbili. Lakini mpaka uliochorwa na Wazungu katika karne ya 19 unasikika hadi leo katika neno moja.

Hapo ndipo suala linapokuwa zito. Shule za Bujumbura zina watoto waliotoka Kongo. Mtoto wa namna hiyo akiandika katika insha kwamba alikwenda masomo kwa miguu, mwalimu atamsahihisha vipi? Akihesabiwa amekosea, ameadhibiwa kwa sababu babu zake hawakutawaliwa na Wajerumani. Akiachiwa bila maelezo, hatajua neno ambalo mtihani, kitabu na mwajiri wa kesho watalitumia.

7.0 Matokeo kwa sera

Kutokana na historia hii, tunatoa mapendekezo matatu kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, mabaraza ya lugha na wizara za elimu.

Kwanza, asili ya neno isitumike kama hoja. Katika mijadala ya istilahi husikika sauti mbili: moja inakataa neno kwa kuwa ni la kikoloni, nyingine inalitetea kwa kuwa limetoka Kilatini au Kigiriki na hivyo ni la kisayansi. Historia ya 'schola' inazinyima sauti zote mbili nguvu. Kilatini chenyewe kilikopa, na walichokopa Warumi walikigeuza watakavyo. 'Shule' liwe kidahizo kikuu kwa sababu ndilo lenye watumiaji wengi zaidi katika maandishi ya eneo hili. 'Skuli' na 'masomo' yaorodheshwe kando yake kama visawe vya kimaeneo, na miongozo ya usahihishaji wa mitihani iseme wazi kwamba si makosa.

Pili, nguvu za uwianishaji zielekezwe mahali palipo na hatari ya kweli ya kutoelewana, nako ni kwenye misemo inayojengwa juu ya neno hili. Tuchukue 'shule ya msingi'. Burundi, elimu ya msingi ni miaka 9. Uganda, elimu hiyo ni miaka 7, na Tanzania imekuwa na miaka 7 kwa miongo kadhaa. Kenya, chini ya mtalaa wa umilisi, ni miaka 6. Cheti cha kumaliza shule ya msingi kinaposomwa upande wa pili wa mpaka, neno ni lile lile lakini mtoto si yule yule. Mwanafunzi anayehama, mkimbizi na mwajiri wote wanadhurika na ufanani huu wa juu juu. Kila waraka wa Jumuiya unaotumia msemo huo utaje idadi ya miaka.

Tatu, undugu wa maneno utumike darasani. Mwalimu wa Kiswahili nchini Burundi anawafundisha watoto ambao tayari wana 'ishure'. Ulinganisho wa 'l' na 'r' uliotajwa hapo juu ni nyenzo ya bure: unamwonyesha mtoto kwamba lugha mpya si ukuta, na unamtahadharisha na kosa la matamshi na tahajia ambalo atalifanya mara nyingi. Vitabu vya kufundishia Kiswahili Burundi viandikwe kwa kuijua Kirundi, si kwa kunakili vitabu vya nchi ambako mwanafunzi huja na Kiswahili kutoka nyumbani.

Ni lazima tuongeze tahadhari moja. Maana ya asili ya neno si maana yake ya leo, na hakuna anayepaswa kudai kwamba shule iwe hivi au vile kwa kuwa Wagiriki walimaanisha wasaa. Julius Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967, alitaka shule isitenganishwe na kazi ya kuzalisha, na iwe pia shamba au karakana. Hilo ni karibu kinyume cha 'skholē', na lilikuwa jibu halali kwa elimu iliyowafanya vijana wadharau jembe la wazazi wao. Hata hivyo, maana ya kale inatuachia swali lenye manufaa. Uganda ilipoondoa ada za elimu ya msingi mwaka 1997, Kenya mwaka 2003 na Burundi mwaka 2005, kilichonunuliwa kwa fedha za umma hakikuwa dawati peke yake. Kilikuwa pia muda wa mtoto, uliotolewa kwenye shamba, kwenye kuchota maji na kwenye kulea wadogo zake. Sera inayohesabu madarasa bila kuhesabu saa ambazo mtoto, hasa wa kike, ameachiwa kwa ajili ya kujifunza, imehesabu nusu tu ya maana ya shule.

8.0 Hitimisho

Nomino moja ya Kigiriki iliyotaja wasaa iliingia Kilatini ikiwa jina la mjadala, ikatoka ikiwa jina la taasisi, na ikafika Afrika Mashariki kwa milango mitatu. Ilipofika ilikuta 'chuo' na 'madrasa', haikuyafukuza, ikakaa nayo. Ilivaa viambishi vya Kirundi na ikazaa 'umunyeshure'. Ilishindwa kuvuka mpaka wa Uvira, kwa kuwa huko wasemaji walikwisha kujiundia jina. Katika kila hatua, kilichoamua hatima ya neno ni watu waliolihitaji na kazi waliyolipa.

Kwa watafiti, historia hii inadai kwamba kamusi za Kiswahili zisiishie kuandika kifupi cha lugha chanzi mbele ya kidahizo, bali zieleze njia na kipindi cha kuingia kwa neno. Kwa washauri wa sera, inadai subira. Kiswahili kinachopanuka hadi Bujumbura, Uvira na kwingineko hakitakuwa kimoja kwa kuwafutia watu maneno yao. Kitakuwa kimoja pale mtoto wa Mutanga Sud, wa Unguja na wa Uvira watakapoandika 'shule', 'skuli' na 'masomo', na msomaji katika kila nchi akaelewa kwamba wote watatu wametaja mahali pamoja.